Kalamu za Kielektroniki na Vifaa vya Kunasa Mwandiko: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwa walimu, wanachuo, wachora katuni na makarani wa hapa Dar es Salaam. Karibu wote huanza na "kalamu ipi ni nzuri?" Mimi hupenda kuanza kwingine: ni kitu gani kinachohisi mwandiko? Ni kioo, ni karatasi, au ni kalamu yenyewe? Ukishalijua hilo, nusu ya maswali mengine yanajijibu, na pesa yako inakuwa salama kabla hujafika dukani.

Kuna tofauti gani na kupiga picha daftari kwa simu?

Picha inachukua wino ulipokwisha kukauka. Kalamu ya kielektroniki inachukua safari ya mkono. Katika kila sekunde, tena na tena, inaweka kumbukumbu ya mahali ncha ilipo na wakati ilipofika hapo, na kwa vifaa vingine hata nguvu ya kukandamiza na upande kalamu ilikolala.

Andika herufi "k". Kwenye picha ni mistari iliyokutana, basi. Kwenye kumbukumbu ya kalamu ni mstari ulioshuka kwanza, ncha ikanyanyuka, ikatua juu kulia, ikaingia katikati, kisha ikatoka kuelekea chini. Mpangilio huo ndio unaoisaidia mashine kusoma mwandiko hata pale herufi zinapopandana. Na kwa sababu mwandiko umehifadhiwa mkato kwa mkato (mkato ni mstari mmoja, tangu ncha iguse hadi inyanyuke), unaweza kufuta mkato mmoja, kubadili rangi yake, au kuucheza upya tangu mwanzo. Mwalimu anaona mwanafunzi alianza hesabu kutoka wapi na alisita wapi. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayotajwa kwa nadra sana na wauzaji.

Nitajuaje ni nini kinachohisi?

Uliza swali moja: kalamu hii inaandika juu ya nini?

Ikiwa inaandika juu ya kioo cha simu, kishikwambi au padi inayounganishwa na kompyuta, basi uhisi uko kwenye kioo au padi hiyo, na kalamu ni mshirika wake. Ikiwa inaandika kwenye daftari maalumu lenye vitone vidogo, kalamu ina kamera na karatasi ndiyo ramani. Ikiwa muuzaji anasema inaandika kwenye karatasi yoyote, ama kuna kipokezi kinachobanwa ukingoni mwa karatasi, ama kalamu imebeba vihisi vya mwendo ndani yake. Kila aina ina jambo inaloliweza kuliko wenzake na jambo linaloishinda.

Inakuwaje kalamu isiyo na betri inaandika?

Swali hili huulizwa sana na watu wanaodhani wameuziwa feki. Si feki. Teknolojia hii inaitwa kwa kifupi EMR (kwa Kiingereza electromagnetic resonance), na kampuni iliyoieneza zaidi ni Wacom ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1983.

Chini ya kioo au padi kuna nyaya nyembamba zilizopangwa kwa urefu na upana. Nyaya zinatoa uga wa sumaku, halafu zinanyamaza na kusikiliza. Ndani ya kalamu kuna koili (waya uliozungushwa) na kapasita (kijihifadhi kidogo cha umeme). Uga ule unaipa koili nishati, na koili inaendelea kutoa mawimbi kwa kitambo kidogo hata baada ya nyaya kunyamaza, kama kengele inavyoendelea kulia baada ya kugongwa. Nyaya zilizo karibu na ncha zinasikia kwa nguvu, za mbali zinasikia kwa unyonge, na kwa kulinganisha hizo kifaa kinajua ncha iko wapi. Ukikandamiza, masafa ya mawimbi yanabadilika kidogo, na badiliko hilo ndilo linalohesabiwa kuwa shinikizo.

Haya yote yanafanyika hata kabla ncha haijagusa. Ndiyo maana alama ndogo inaonekana kwenye kioo kalamu ikiwa juu kidogo, kama sentimita moja hivi. Samsung walianza kuuza simu za Galaxy Note mwaka 2011 zikitumia njia hii, na kalamu yake ya S Pen haihitaji chaji ili kuandika. Pale inapokuwa na chaji, ni kwa kazi za pembeni kama kupiga picha kwa mbali.

Angalizo moja: sumaku. Kava la simu lenye sumaku, au spika iliyo chini ya padi, vinaweza kuacha eneo ambalo kalamu inapotea au mstari unapinda. Kabla ya kwenda kwa fundi, vua kava kwanza.

Nimebadilisha kioo kwa fundi. Kidole kinashika, kalamu haishiki. Kwa nini?

Kwa sababu ni tabaka mbili tofauti. Kidole kinahisiwa na tabaka la mguso lililo kwenye kioo. Kalamu ya EMR inahisiwa na tabaka jingine lililo nyuma ya kioo, lenye waya wake wa kuunganisha. Fundi akibandua kioo kwa haraka, tabaka hilo linaweza kuchanika au kusahaulika kuchomekwa, na simu itawaka vizuri tu, kidole kitateleza, utaondoka dukani umeridhika. Kabla ya kulipa, toa kalamu na uandike kwenye pembe zote nne na katikati. Fundi mzuri hatachukia.

Zile kalamu za elfu chache zinazouzwa na machinga zinafanya kazi?

Zinafanya kazi ya kidole. Ncha ya mpira au kitambaa kinachopitisha umeme inakihadaa kioo kidhani ni ngozi yako. Hakuna kipimo cha shinikizo, na ncha ni nene kwa sababu kioo kinahitaji eneo la kutosha kugundua mguso. Zinafaa kusaini, kuchagua vitu kwenye kioo, na kumwandikia mtoto herufi kubwa. Kuandika muhtasari wa mhadhara kwa kutumia hiyo ni kujitesa.

Mimi ni mwalimu, nina kishikwambi kilichotumika kwenye Sensa ya 2022. Kalamu gani itakifaa?

Kwa kishikwambi cha kawaida ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya kalamu, chaguo ni mbili: hiyo ya ncha ya mpira, au ile yenye ncha nyembamba na betri ndogo ndani, inayojifanya kidole kwa kutoa mawimbi yake. Ya pili inaandika vizuri kidogo, lakini kiganja chako kikigusa kioo nacho kitaandika. Kishikwambi hakina namna ya kuutofautisha mguso wa kalamu na wa mkono.

Ushauri wangu, Mwalimu: kama lengo ni kufundishia hesabu au kemia kwa projekta, usikilazimishe kishikwambi. Nunua padi ya kuandikia, ile isiyo na kioo cha picha, uchomeke kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Nyingi za kampuni kama Wacom, Huion na XP-Pen zinatumia kalamu isiyo na betri, na baadhi hukubali pia simu ya Android kwa waya wa OTG, ule unaoiwezesha simu kupokea vifaa vya USB. Mwanzoni utaona ajabu kwa sababu mkono uko mezani na macho yako ukutani. Usiangalie mkono. Anza kwa kuandika tarakimu 0 hadi 9 kwa ukubwa, halafu sehemu, halafu milinganyo. Mkono unazoea haraka kuliko watu wanavyotishwa.

Kalamu ya iPad itaandika kwenye Samsung? Ya Samsung kwenye Surface?

Hapana na hapana. Apple Pencil, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2015, ina betri na inazungumza na iPad tu, tena iPad za kizazi kinacholingana nayo. Haiandiki kwenye iPhone. Kalamu za kompyuta za Surface zinafuata utaratibu wa Microsoft. Watengenezaji wengine wanafuata taratibu za kwao. Tundu au rangi kufanana hakuna maana yoyote.

Muuzaji akikuambia "inaingiliana na zote", mara nyingi anakuuzia ile inayojifanya kidole. Na hata ndani ya Apple Pencil zenyewe, ile ya USB-C iliyotoka mwaka 2023 haipimi shinikizo. Kwa mwandishi si hasara. Kwa mchoraji ni hasara kubwa.

Nikiwa dukani Kariakoo, nipimeje kabla ya kutoa pesa?

Nenda na kifaa chako mwenyewe, chaji imejaa, programu ya kuandikia imeshapakuliwa ili usimalize bando pale mtaa wa Aggrey. Kisha fanya hivi, bila haraka hata kama foleni inakusukuma.

Weka rula kwa mshazari kwenye kioo na uvute mstari polepole sana. Kihisi dhaifu huchora mawimbi madogo badala ya mstari ulionyooka, kwa sababu kinakisia vibaya ncha inapopita kati ya waya na waya. Ukivuta haraka mawimbi hayo hayaonekani, na muuzaji anayejua kazi yake atavuta haraka. Halafu laza kiganja chote mezani kama unavyoandika kawaida na uandike kwa herufi ndogo, "mimi ninanunua nanasi". Sentensi hiyo imejaa vilima vya m na n. Vikigeuka mstari mmoja uliopinda, kifaa hicho hakitakufaa darasani. Mwisho, gusa kwa wepesi kabisa. Kama mkato wa kwanza hauonekani hadi ukandamize, mkono wako utachoka.

Ulizia pia ncha za akiba. Ncha huchakaa, hasa juu ya kioo cha kukwaruza. Ukiitazama kwa karibu utaiona imelika upande mmoja, imekuwa bapa kama patasi. Kalamu isiyopatikana ncha zake mjini ni mzigo.

Shinikizo la viwango 8192 maana yake nini? Ni bora kuliko 2048?

Maana yake ni kwamba nguvu ya mkono imegawanywa vipande vingi zaidi. Kwa mwandiko hutaona tofauti. Wachoraji wachache wataiona. Unyoofu wa mstari na ncha kushika mguso mwepesi ni muhimu zaidi, lakini hayo hayaandikwi kwenye boksi kwa herufi kubwa.

Kalamu ya daftari lenye vitone inafanyaje kazi?

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, maana inamwacha mtu aandike kwa wino kwenye karatasi kama alivyofundishwa darasa la kwanza.

Ukilitazama daftari lake kwa haraka utaona karatasi ya kijivu kidogo. Lisogeze karibu na jicho: ni vitone vidogo mno, vimepangana kwa umbali wa karibu milimita 0.3. Kila kitone kimesogezwa kidogo kutoka mahali kilipopaswa kukaa, juu, chini, kushoto au kulia. Huo ni mfumo wa kampuni ya Anoto ya Uswidi. Kamera iliyo karibu na ncha inamulika kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na kusoma mraba mdogo wa vitone 6 kwa 6. Kwa kuwa kila kitone kina nafasi 4, michanganyiko ni mingi kiasi kwamba kila mahali kwenye kila ukurasa pana anwani yake ya pekee. Kalamu haihitaji kuambiwa umefungua ukurasa gani. Inajua. Ukirudi ukurasa wa 3 baada ya mwezi na kuongeza neno pembeni, neno hilo litakwenda ukurasa wa 3.

Livescribe ya Marekani ilitoa kalamu ya namna hii mwaka 2008, na Neo ya Korea Kusini ina mfumo wake wa vitone unaofanana. Daftari la mmoja halisomeki kwa kalamu ya mwingine.

Sasa jambo linalowaponza wengi: wino. Kamera inaona kaboni. Vitone vimechapwa kwa wino wenye kaboni, ilhali mrija wa wino wa kalamu hauna kaboni, kwa hiyo mbele ya kamera mwandiko wako hauonekani na hauzibi vitone. Ukiweka mrija mwingine wowote kwa kuwa tu unaingia, unaweza kuziba ramani kwa wino wako mwenyewe. Kalamu kadhaa hutumia mrija mfupi wa aina ya D1, wa milimita 67. Soma maelekezo ya kalamu kuhusu wino kabla ya kuchanganya.

Daftari limeisha na hapa halipatikani. Nitoe fotokopi?

Hapana. Mashine ya fotokopi ya steshenari haiwezi kuvibakiza vitone vidogo hivyo mahali pake; vingine hupotea, vingine huungana, na anwani inafutika. Baadhi ya mifumo inaruhusu ujichapishie kutoka kwenye faili lao, kwa printa ya leza yenye walau nukta 600 kwa inchi. Chapa ukurasa mmoja kwanza, ujaribu, ndipo uchape rimu nzima. Kama ni kalamu ya kazini, agiza madaftari pamoja na kalamu. Usingoje liishe.

Inarekodi na sauti ya mhadhara?

Baadhi, ndiyo. Sauti na mwandiko huunganishwa kwa wakati vilipotokea, kwa hiyo ukigusa neno uliloandika unasikia alichokuwa akisema mhadhiri wakati ule ule. Kwa mwanachuo wa sheria au udaktari ni msaada wa kweli. Omba ruhusa ya mhadhiri kwanza. Si kila mtu anakubali kurekodiwa, na ana haki.

Na zile zinazoandika kwenye karatasi yoyote?

Zenye kipokezi hutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika: kalamu inatoa mlio, kipokezi kinapima umekawia kiasi gani kufika. Zinaridhisha mradi kipokezi kisisogee na mkono wako usikizibe. Ukigeuza ukurasa lazima ukiambie.

Zenye vihisi vya mwendo pekee ni ngumu zaidi. Kihisi kinapima kasi inavyobadilika, na ili kupata mahali ncha ilipo ni lazima kujumlisha vipimo hivyo mara mbili; kosa dogo linakua haraka, na mstari unahama. Watafiti hutumia mashine za kujifunza kutambua herufi moja kwa moja kutoka kwenye mwendo, bila kuchora njia kamili. Kwa matumizi ya kila siku sijaona sababu ya kuziweka mbele ya zile za vitone.

Itageuza mwandiko wangu wa Kiswahili kuwa maandishi ya kompyuta?

Herufi zetu hazina shida. Ni za Kilatini, hazina alama juu wala chini, isipokuwa ile ritifaa (') ya ng'. Shida iko kwenye lugha. Programu haisomi umbo tu, inakisia neno kwa kuangalia maneno inayoyajua. Ikiwa imewekwa Kiingereza, itajitahidi kukugeuzia Kiswahili kuwa Kiingereza: "wale" linaweza kuwa "whale", "hata" likawa "hate". Kabla ya kununua, fungua orodha ya lugha za programu hiyo na utafute Kiswahili. Usikubali jibu la "zote zimo".

Hata Kiswahili kikiwemo, vitenzi vyetu vinaipa mashine kazi. Kutoka kwenye kupika tu una nimepika, hatukupika, iliyopikwa, wangepikiana, asipompikia. Orodha ya maneno haiwezi kubeba yote, kwa hiyo programu nzuri ni inayokubali silabi zinazofuatana vizuri hata kama neno zima ni geni kwake. Ipime kwa vitenzi virefu vya namna hiyo. Majina ya watu na mitaa nayo ni kipimo kizuri: Mbagala, Tandale, Mwananyamala.

Ushauri wangu ni uhifadhi mwandiko wenyewe siku zote, na maandishi yaliyogeuzwa uyatumie kutafutia tu. Mashine za kusoma zinaendelea kuboreka; mwandiko uliotunzwa leo unaweza kusomwa upya baadaye.

Na Kiswahili kwa hati ya Kiarabu?

Kuandika kutoka kulia si tatizo kwa kalamu, inanasa mkato popote uendako. Kusoma ndiko kugumu, kwa sababu programu za Kiarabu hazitarajii herufi ambazo waandishi wa Kiswahili waliziongeza kwa sauti kama p, ch na v. Hifadhi kama mwandiko, usigeuze. Kumbuka pia kwamba kalamu hizi hunasa kinachoandikwa sasa. Miswada ya zamani, kama ile iliyokusanywa kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inahitaji skana au kamera na mikono yenye uangalifu.

Jasho, vumbi na umeme kukatika?

Jasho la kiganja huchanganya kioo cha mguso. Glovu ya vidole viwili, kidole kidogo na cha pembeni yake, ni dawa rahisi. Wachora katuni wengi wanayo. Vumbi huchakaza ncha na kioo, futa kabla ya kuanza. Kuhusu umeme: kalamu zenye betri ya lithiamu zisiachwe miezi bila chaji, betri inaweza isiamke tena. Kama kwenu mgao ni wa mara kwa mara, kalamu isiyo na betri inakupunguzia wasiwasi mmoja.

Saini niliyoweka kwenye padi ina nguvu kisheria?

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua saini ya kielektroniki hapa Tanzania. Kwa ardhi, wosia na mambo mazito mengine, muulize wakili kabla ya kutegemea padi.

Jua pia kwamba padi nzuri haichukui umbo la saini tu. Inachukua kasi, mapumziko na shinikizo. Mwizi anaweza kuiga umbo akiwa na karatasi mbele yake. Mwendo wa mkono ni mgumu kuiga. Kwa hiyo usisaini kwa kidole harakaharaka kwa kuwa karani ana foleni. Saini kama unavyosaini siku zote.

Nani mwingine anauona mwandiko wangu?

Programu nyingi hupeleka kurasa kwenye seva za kampuni ili zisomwe au zihifadhiwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakupa haki juu ya taarifa zako, na kuna Tume inayoisimamia. Daktari anayeandika habari za mgonjwa, mwalimu anayeandika alama, mwanasheria: zimeni usawazishaji wa wingu (kule kupeleka kurasa zenyewe kwenye seva) hadi mjue data inakaa wapi.

Mwanangu yuko kidato cha nne. Aingie nayo kwenye mtihani?

Asithubutu. Ni kifaa cha kielektroniki, kina kumbukumbu na pengine kinasa sauti. Ibaki nyumbani, hata kama inafanana kabisa na kalamu ya kawaida.

Kuna matumizi hospitalini?

Yapo kwenye utafiti. Ugonjwa wa Parkinson mara nyingi hufanya mwandiko uwe mdogo na wa kusita, na padi inapima kasi, mtetemo na muda ncha inapokaa hewani kati ya herufi na herufi, vitu ambavyo jicho halivipimi. Ni kipimo cha kumsaidia daktari. Usijipime nyumbani na kujitangazia ugonjwa.

Ni teknolojia mpya hii?

Hapana. Elisha Gray wa Marekani alipata hataza ya mashine ya kupeleka mwandiko kwa waya mwaka 1888. Mwaka 1957 Tom Dimond wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, alionyesha kifaa kilichosoma tarakimu zikiandikwa kwa mkono, na mwaka 1964 ikaja padi ya RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, yenye nyaya zilizopangwa kwa urefu na upana, wazo ambalo bado liko chini ya vioo vyetu. Kilichobadilika zaidi ni bei na ukubwa.

Nihifadhi kwa faili gani ili nisije kupoteza kazi nikibadilisha kifaa?

PDF kwa kusoma na kutuma. SVG kama utataka kukuza mchoro bila kuchakaa. Lakini vyote viwili kwa kawaida hupoteza muda na shinikizo. Kama mwandiko ni wa utafiti au wa kufundishia, tafuta programu inayotoa InkML, muundo wa wazi uliopitishwa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, mwaka 2011, unaohifadhi kila nukta na wakati wake. Programu inayokataa kutoa chochote isipokuwa faili lake yenyewe, iache hata kama ni ya bure. Toa nakala kila mwisho wa muhula, weka moja kwenye flashi na nyingine kwa mtu unayemwamini.